Kadi Isiyovuka Bahari

Mwanamke aliyeondoka Kiambu mwaka 1996 kwa bahati nasibu ya viza ya Marekani, akiwa na umri wa miaka 35, anatimiza miaka 65 mwaka 2026. Wa rika lake wako wengi Lowell na Worcester huko Massachusetts, wako Dallas, Atlanta, Minneapolis na Seattle, na wengi wao wamekula jasho la kazi moja: kutunza wazee. Wamewaogesha, wamewageuza kitandani usiku wa manane, wamewashika mkono saa za mwisho watoto wao wakiwa mbali. Jina la Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi, wamelisikia kila zamu, maana ndilo linaloamua mgonjwa aliyetoka hospitali atakaa siku ngapi katika kituo cha kuuguza kabla familia haijaanza kulipa. Sasa bahasha zenye jina hilo zinaingia katika sanduku lao wenyewe la barua.

Bahasha ni nyingi, zina rangi za kung'aa, na karibu zote zimetumwa na kampuni zinazotafuta wateja. Serikali yenyewe haipigi kelele. Mtu ambaye tayari anapokea pensheni ya Social Security, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, angalau miezi minne kabla ya kutimiza miaka 65, huandikishwa bila kuomba, na kadi humfikia kwa posta. Ambaye hajaanza kuipokea, asipojiandikisha mwenyewe hakuna atakayemwandikisha. Na hapo ndipo wengi hujikwaa. Umri kamili wa pensheni umesogezwa hadi miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, lakini umri wa Medicare umebaki palepale kwenye 65. Mtu huishika 67 kichwani, akaamini mambo yote ya uzeeni yanamngoja huko, kumbe mlango mmoja umekwisha kufungwa.

Mlango huo hukaa wazi miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ndani ya miezi hiyo mtu aliyetoka Afrika Mashariki hana budi kujibu swali ambalo jirani yake Mmarekani hana haja ya kujiuliza: atazeekea wapi? Nyumba imekwisha kujengwa Ruiru au Moshi, shamba lipo, kaburi la mama lipo. Wajukuu wako Texas.

Bima yenyewe ina umri wa kustaafu nayo. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, Missouri, akiwa ameketi na rais mstaafu Harry Truman, aliyekuwa amepigania bima ya afya ya taifa miaka ya 1940 akashindwa. Truman ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Wakati huo karibu nusu ya wazee wa Marekani hawakuwa na bima ya hospitali. Huduma zilianza 1 Julai 1966, na fedha zake zilikuja na sharti: hospitali iliyotaka kulipwa ilipaswa kuacha kuwatenga Weusi. Mamia ya hospitali za Kusini zilizokuwa na wodi za Weupe na wodi za Weusi ziliuacha utaratibu huo ndani ya miezi michache. Muuguzi Mwafrika anayeingia leo kwa mlango wa mbele katika hospitali ya Alabama ananufaika na sharti hilo, hata kama hakuna aliyewahi kumsimulia.

Medicare imegawanywa kwa herufi. Sehemu A hulipia kulazwa hospitalini. Aliyefanya kazi na kukatwa kodi kwa muda wa kutosha hailipii mchango wa mwezi, lakini akilazwa hutoa kwanza kiasi fulani mfukoni mwake, kilichokuwa dola 1,676 mwaka 2025, ndipo bima ibebe gharama za siku 60 za mwanzo. Sehemu B hulipia madaktari, vipimo, kusafishwa figo, na tiba nyingine ambazo mgonjwa huenda na kurudi nyumbani. Mchango wake wa kawaida ulikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025. Baada ya dola 257 za kwanza za mwaka, kwa huduma nyingi Sehemu B hulipa asilimia 80, na 20 zinamwangukia mgonjwa.

Asilimia 20 hizo hazina kikomo. Bili ya dola 500 inamwachia mgonjwa dola 100, na bili ya dola 200,000 inamwachia dola 40,000. Ni vizuri kuirudia hesabu hiyo mara mbili kabla ya kusema kwamba Medicare ni matibabu ya bure.

Dawa za kumeza nyumbani ziko Sehemu D, ambayo huuzwa na kampuni binafsi chini ya kanuni za serikali. Mwaka 2025 iliwekewa kikomo: mgonjwa hakutozwa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa dawa zilizomo katika orodha ya mpango wake. Kwa mwenye kisukari au saratani hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Meno ya kawaida, miwani na vifaa vya kusikia Medicare ya asili haivigusi, na kulelewa kwa miaka haikulipii kabisa. Kituo cha kuuguza, baada ya kulazwa hospitalini siku tatu au zaidi, hulipiwa chote kwa siku 20. Kuanzia siku ya 21 mgonjwa alichangia dola 209.50 kila siku mwaka 2025, na baada ya siku ya 100 bima hujitoa. Watunza wazee wanalijua hili kuliko yeyote, kwa kuwa wameziona familia zikihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani.

Nani basi anapata Sehemu A bila kulipia? Aliyekusanya pointi 40 za kazi, ambazo kwa kawaida ni miaka kumi. Kila mshahara halali wa Marekani hukatwa asilimia 1.45 ya kodi ya Medicare, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Mwaka 2025 kipato cha dola 1,810 kilileta pointi moja, na hakuna anayeweza kupata zaidi ya pointi nne kwa mwaka. Kwa hiyo aliyefanya kazi ya kawaida tangu 1996 alizimaliza zamani. Mashaka yako kwa aliyelipwa mkono kwa mkono. Mtu aliyelea watoto wa watu miaka 15, akipewa fedha taslimu kila Ijumaa bila karatasi, machoni pa Social Security hakufanya kazi hata siku moja. Miaka ya ualimu Kakamega au ya kazi ya bandari Tanga nayo haiingizwi katika hesabu hiyo. Kwa bahati, mwenye ndoa anaweza kuegemea pointi za mwenziwe aliyefikisha angalau miaka 62, hata kama yeye hakuwahi kuajiriwa.

Asiye na pointi wala mwenzi mwenye pointi anaweza kununua, na bei yake inauma. Wanaokutana nayo zaidi ni wazazi. Mtoto amepata uraia, ameomba mama yake aje, na mama ametua Minneapolis na grin kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, akiwa na miaka 68. Medicare haimpokei hadi akae Marekani miaka mitano mfululizo, na katika miaka hiyo familia hutafuta bima kwenye soko lililoundwa na sheria ya afya ya 2010. Miaka mitano ikitimia, Sehemu A ilimgharimu asiye na pointi za kutosha hadi dola 518 kwa mwezi mwaka 2025. Ukijumlisha na Sehemu B ilikuwa dola 703 kila mwezi, kwa mtu asiye na kipato. Inaruhusiwa kununua Sehemu B peke yake, na mwenye kipato kidogo sana anaweza kusaidiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wasiojiweza, ingawa kila jimbo lina vigezo vyake. Watoto wanaopanga kumleta mzazi wangefanya vyema kuliweka jambo hili mezani kabla ya kukata tiketi, ndugu wote wakiwepo, na kukubaliana nani atatoa ngapi.

Kuna kundi jingine ambalo habari zake zinahitaji kuenea haraka. Wakimbizi kutoka Kongo, wanaozungumza Kiswahili cha Kivu na Katanga katika miji kama Louisville, Portland ya Maine na Boise, wengine walifika wakiwa watu wazima na sasa wanazeeka. Zamani mkimbizi aliyefanya kazi na kutimiza pointi zake aliingia Medicare kama wengine. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 imefunga njia hiyo: sasa bima hii ni ya raia, ya wenye grin kadi, na ya makundi mengine machache ambayo hayahusu watu wetu. Waliokwisha kuandikishwa wakiwa na hadhi ya ukimbizi tu wataondolewa ifikapo 4 Januari 2027. Mkimbizi huruhusiwa kuomba grin kadi baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja, lakini wapo wazee ambao hawakuwahi kuomba kwa kuwa hawasomi Kiingereza na hakuna aliyewajazia fomu. Kijana anayemjazia babu yake fomu hiyo leo anamwokolea matibabu yake.

Wanaoendelea kufanya kazi baada ya miaka 65 wana njia yao. Kama kampuni ina wafanyakazi 20 au zaidi na inatoa bima, mtu anaweza kuahirisha Sehemu B bila kosa, na siku akiacha kazi anapewa miezi minane ya kujiandikisha. Lakini nyumba ndogo za kulea wazee, zile za vitanda vitano au sita ambazo Waafrika Mashariki wengi wamezianzisha, mara nyingi hazifikishi idadi hiyo. Hapo Medicare ndiyo hulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa kulipa fungu ambalo Medicare ingelibeba. Mtego mwingine ni ile bima ya COBRA, ambayo mtu huendelea kujilipia baada ya kuondoka kazini. Inafanana na bima ya kazini, kadi ni ileile, hospitali ni zilezile, lakini haisimamishi ile miezi minane. Wapo walioitegemea miezi 18, kisha wakaambiwa wamechelewa.

Na waliopiga zamu mbili mbili wajue kwamba mchango wa Sehemu B hupanda kwa wenye kipato kikubwa. Mwaka 2025 aliyezidi dola 106,000 peke yake alitozwa zaidi ya zile 185, na kipato kilichotazamwa ni cha ripoti ya kodi ya miaka miwili nyuma. Aliyekwisha kustaafu anaruhusiwa kuomba hesabu ifanywe upya, kwa fomu maalumu.

Kisha unakuja uamuzi ambao bahasha zote zile zinaupigania. Njia ya kwanza ni kubaki na Medicare ya asili, mtu akanunua kando bima ya kuziba pengo iitwayo Medigap, inayobeba zile asilimia 20 kwa sehemu kubwa au zote. Anatibiwa kwa daktari yeyote anayepokea Medicare nchi nzima, ila analipa mchango wa ziada kila mwezi. Njia ya pili ni Medicare Advantage, ambapo kampuni binafsi hubeba kila kitu, mara nyingi bila mchango wa ziada, na huongeza meno na miwani. Lakini mtu hubanwa katika orodha ya hospitali za kampuni hiyo na kuombewa kibali kwa matibabu mengi. Zaidi ya nusu ya wanachama sasa wako Advantage. Jambo ambalo matangazo hayasemi kwa sauti ni kwamba kampuni ya Medigap hulazimika kumpokea mtu, awe na kisukari au moyo mbovu, katika miezi sita ya mwanzo tangu awe na Sehemu B akiwa na miaka 65 au zaidi. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, inaweza kumkataa. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina sheria za kumlinda mzee hata baadaye, hivyo mtu wa Lowell ana nafasi ya kubadili mawazo ambayo ndugu yake wa Dallas huenda asiipate.

Turudi kwa yule mwenye nyumba Ruiru. Medicare hailipi nje ya Marekani na maeneo yake, isipokuwa katika hali chache sana. Haijalishi mtu amekatwa kodi miaka 30. Akianguka bafuni akavunjika nyonga Nakuru, kadi yake haina kazi pale mapokezi. Anayekwenda kusalimia tu anaweza kujikinga kwa kuwa baadhi ya mipango ya Medigap hulipa matibabu ya dharura ughaibuni: mtu hutoa dola 250 za kwanza, kisha bima hulipa asilimia 80, kwa dharura inayotokea ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, na isizidi dola 50,000 katika maisha yake yote. Anayeondoka mwanzoni mwa Desemba na kurudi mwishoni mwa Machi anapaswa kujua kwamba sehemu ya pili ya safari hiyo haina kinga.

Anayehama kabisa ana hesabu ngumu zaidi. Kwa nini alipe mchango kila mwezi kwa Sehemu B asiyoweza kuitumia? Wengi huikataa, na hapo husikia habari za faini: mchango wake, siku akiitaka, utaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa bila bima hiyo, na nyongeza hiyo haifutwi kadiri anavyoendelea kuwa na Sehemu B. Faini hiyo hutisha, lakini ni vizuri kuipigia hesabu. Aliyekaa miaka minne bila Sehemu B amebakiza dola 8,880 kwa kiwango cha 2025. Akirudi, atalipa dola 259 kwa mwezi badala ya 185, yaani dola 74 zaidi. Itachukua miaka kumi kabla faini haijakula alichobakiza. Kwa fedha tupu, hakupoteza.

Anachopoteza ni muda. Asiye na Sehemu B aliyepitwa na miezi yake saba hawezi kujiandikisha siku anayotaka. Anangoja kipindi cha kila mwaka, kuanzia 1 Januari hadi 31 Machi, na bima huanza mwezi unaofuata baada ya kujiandikisha. Mzee anayegundulika na saratani Nairobi mwezi wa Aprili, watoto wakamrudisha Dallas kwa matumaini ya matibabu bora, atakuwa na Sehemu A ya kumlaza. Lakini daktari wa saratani, dawa za kudungwa kliniki, picha na vipimo viko Sehemu B, na hiyo hataipata kabla ya Februari. Miezi kumi ni mingi kwa ugonjwa wa namna hiyo. Ndiyo maana kwa mwenye watoto na wajukuu Marekani, ambaye moyoni anajua kwamba akiugua sana atarudishwa huko, kuendelea kulipa Sehemu B akiwa Ruiru si fedha iliyotupwa. Kwa aliyeamua kufa na kuzikwa nyumbani, na watoto wake wanalijua na wamelikubali, kuiacha ni uamuzi wa haki kabisa. Kibaya ni kuiacha bila kikao, watoto wakaja kuligundua hilo mzee akiwa hoi.

Nyumbani nako bima zimebadilika tangu walipoondoka. NHIF ya Kenya, waliyoiacha mishahara yao ikikatwa shilingi chache kila mwezi, haipo tena; tangu 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, kama mstaafu aliyerudi, hupimwa kipato cha kaya yake na kulipa asilimia hiyohiyo, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hulipia mwaka mzima kwa pamoja. Matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko tofauti wa kodi. Mchango wa SHA ni kwa hospitali kubwa. Kujiandikisha kwa Mkenya kunategemea kitambulisho, na hapo wengine hukwama. Aliyechukua uraia wa Marekani kabla ya katiba ya 2010 alipoteza wa Kenya, na ni lazima auombe upya ndipo karatasi nyingine zifuate. Kwa Watanzania ni vigumu zaidi: nchi yao, iliyopitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, hairuhusu uraia wa nchi mbili, hivyo aliyeapa kuwa Mmarekani anarudi Moshi kama mgeni.

Mambo haya hayapaswi kuamuliwa kwa kusoma bahasha. Kila jimbo la Marekani lina washauri wa SHIP, wanaolipwa na serikali au wanaojitolea, ambao hawauzi bima ya mtu yeyote na hawatozi senti. Ofisi za Social Security hutoa mkalimani bure kwa anayemwomba, na hakuna aibu kumwomba hata kwa mtu aliyeishi Marekani miaka 30. Lugha ya fomu si lugha ya kazini.

Cha kwanza cha kubeba kwenda huko ni tarehe ya kuzaliwa kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, na hapo kuna jambo linalowagusa wakimbizi kuliko wengine. Wengi waliandikwa kambini kwamba wamezaliwa 1 Januari, kwa kuwa hakuna aliyeijua siku yenyewe. Medicare humhesabu aliyezaliwa tarehe mosi kana kwamba ametimiza miaka mwezi uliotangulia. Mzee ambaye karatasi zake zinasema 1 Januari 1962 bima yake inaweza kuanza 1 Desemba 2026, na miezi yake saba inafunguka 1 Septemba 2026 na kufungwa 31 Machi 2027.